Jina Lote, Hadi Herufi ya Mwisho: Namna ya Kusoma Kadi za Pokémon

Boksi la kadi za Pokémon, mchezo wa kupambanisha viumbe vya kubuni, ninalolitunza nyumbani hapa Moshi halikutoka dukani. Sehemu yake ililetwa na dada yangu aliporudi likizo kutoka Uingereza, na sehemu nyingine niliinunua sokoni Kiborloni, katikati ya lundo la vitu vya kuchezea vya mitumba, muuzaji akiamini kwamba ananiuzia karata pungufu. Boksi la namna hiyo huchanganya kadi za vizazi vyote, na wapwa zangu walipoanza kuzichezea, ugomvi wao wa kwanza haukuhusu nguvu za kadi bali majina: je, Charizard na Dark Charizard ni jina moja au mawili?

Swali hilo si la kitoto. Kanuni inataka deki, yaani fungu la kadi ambalo mchezaji huingia nalo mchezoni, iwe na kadi 60 kamili, na kadi zenye jina moja zisizidi nne, isipokuwa kadi za nishati za msingi, zile zinazompa Pokémon nguvu ya kushambulia, ambazo unaweza kuweka kadiri upendavyo. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu hadi nne, ni lazima ujue jina linaanzia wapi na linaishia wapi. Kwa kadi nyingi, jina ni maandishi yote yaliyochapwa juu ya picha, pamoja na neno linalotangulia na herufi zinazofuata. Mwalimu wa hapa akiita “Mushi” darasani, wanaweza kusimama watoto wanne wasio wa nyumba moja, naye hulazimika kutaja na jina la kwanza. Zifanyie kadi zako vivyo hivyo.

Anza na neno linalotangulia. Mwaka 2000 matoleo ya Gym Heroes na Gym Challenge yalileta kadi zenye jina la mwenye kumfuga Pokémon, kama vile Brock's Onix. Jina la mfugaji si pambo: Erika's Vileplume hukua kutoka kwa Erika's Gloom peke yake, yaani kadi yake huwekwa juu ya kadi hiyo, na Gloom wa kawaida hawezi kushika nafasi hiyo. Mtindo huo umerudi mwaka 2025 katika toleo la Journey Together, lenye kadi kama N's Zoroark ex. Neno Dark, lililoingia na toleo la Team Rocket mwaka huohuo wa 2000, lina tabia tofauti kidogo, kwa kuwa Dark Charizard hukua kutoka kwa Dark Charmeleon, lakini Dark Charmeleon mwenyewe hutokana na Charmander wa kawaida. Majina ya maeneo, yaani Alolan, Galarian, Hisuian na Paldean, nayo hayana mwenendo mmoja: Galarian Rapidash humtaka Galarian Ponyta, ilhali Alolan Raichu huwekwa juu ya kadi iitwayo Pikachu tupu. Ndiyo maana sipendi kumkaririsha mtoto kanuni. Namwonyesha mstari mdogo unaoanza na maneno Evolves from, yaani “hukua kutoka kwa”, na kumwambia autii kama ulivyo. Wapwa zangu walipata jibu lao: ni majina mawili, na deki moja inaweza kubeba kadi nne za kila jina.

Herufi zinazofuata jina ndizo zenye mtego mkubwa zaidi, kwa sababu zimebadilishwa mara nyingi na mojawapo imerudi. Katika kadi za Kiingereza, ex ya herufi ndogo ilianza mwaka 2003, EX ya herufi kubwa ikaja 2012, GX ikafuata 2017, V na VMAX 2020, VSTAR 2022, kisha ex ya herufi ndogo ikarejea mwaka 2023. Kadi inayotaja Pokémon-EX kwa herufi kubwa haimhusu ex wa mwaka 2023, ingawa yote mawili hutamkwa sawasawa, na hapo ndipo anayesikiliza badala ya kusoma huumbuka. Herufi hizo pia ni bei. Kila mchezaji huanza kwa kutenga kadi sita za zawadi, na hutwaa moja anapomwangusha Pokémon wa kawaida wa mpinzani; akimwangusha ex, EX, GX, V au VSTAR hutwaa mbili, na akimwangusha VMAX, au kadi ya TAG TEAM iliyoanza mwaka 2019, hutwaa tatu.

Neno Mega linastahili uangalifu wake. Katika kadi za kuanzia mwaka 2014 liliandikwa kwa herufi M peke yake, kama M Charizard-EX, ambaye huwekwa juu ya Charizard-EX, na kwa kawaida zamu yako huishia hapo. Kadi za mwaka 2025 huliandika neno zima, kama Mega Lucario ex: huyu hukua kutoka kwa Riolu wa kawaida, zamu haikatishwi, na akianguka mpinzani hutwaa zawadi tatu.

Zipo pia alama zinazokaa karibu na jina bila kuwa jina. Herufi ya Kigiriki δ, iliyoanza na toleo la EX Delta Species mwaka 2005, haihesabiwi, hivyo Pokémon mwenye alama hiyo huhesabiwa pamoja na wenzake wasio nayo. Kadi ya Boss's Orders hali kadhalika: moja ina jina la Giovanni ndani ya mabano na nyingine la Ghetsis, lakini zote ni kadi moja, na kwa pamoja zisizidi nne.

Kadi zenye kikomo kikali zaidi ni chache. Radiant ni mmoja tu katika deki nzima, na ACE SPEC vilevile ni moja tu, hata kama unazo za majina tofauti. Prism Star huruhusiwa moja kwa kila jina, na badala ya kwenda kwenye kadi zilizotupwa, huondoka mchezoni moja kwa moja. LEGEND za mwaka 2010 ni picha moja iliyogawanywa katika kadi mbili, ambazo huchezwa kwa pamoja kutoka mkononi. Mimi ninayo nusu ya juu, na kila nikipita Kiborloni hupekua nikitafuta ya chini.

Unapopanga boksi lako, tenga kwanza kwa jina lote, kisha kwa nambari iliyo chini ya kadi. Nambari 4/102 ni kadi ya nne katika toleo la kadi 102, na huyo ni Charizard wa toleo la kwanza la Kiingereza la mwaka 1999. Ukikuta nambari ya kwanza imeizidi ya pili, kama Charizard ex wa mwaka 2023 mwenye 199/165, usidhani ni kosa la uchapaji: hiyo ni kadi ya siri iliyoongezwa nje ya hesabu ya toleo, na mtoto asiibadilishe kwa pipi kabla hujaiona.