Somo: Kutoa sumaku iliyobaki kwenye CT kabla ya kurudisha umeme

Kiwanda kimoja hapa Tanga tulipima CT (transfoma inayopunguza mkondo mkubwa ili rilei na mita ziupime) vizuri kabisa, tukarudisha umeme. Mota kubwa ilipowashwa tu, rilei inayolinganisha mkondo unaoingia na unaotoka ikaangusha breka. Nyaya zilikuwa sawa. Tulichosahau ni sumaku.

Kipimo cha ukinzani hupeleka mkondo wa moja kwa moja, na ukikatwa, kiini cha chuma hubaki na sumaku. Hata mkondo mkubwa wa hitilafu ukikatwa huiacha. Kwenye kiini kisicho na mwanya inaweza kufika takriban 80% ya kiwango cha kushiba, yaani pale chuma hakiwezi kubeba sumaku zaidi. CT hiyo hushiba mapema, na rilei hupelekewa wimbi lililokatwa.

1. Zima laini, pima kuwa haina umeme, weka erthi upande mmoja tu wa CT. Erthi za pande zote mbili hufunga mzunguko wa praimari (upande wa laini) na kipimo kitakudanganya. Sekondari (upande wa rilei na mita) ya laini yenye mzigo usiifungue kamwe, volti zake zinaua.

2. Tenga nyaya za rilei au mita. Unga variaki (transfoma ya kupandisha na kushusha volti kwa mkono) na ammita kwenye sekondari.

3. Panda kutoka sifuri. Goti, mwanzo wa kushiba, ni pale volti zikiongezeka 10%, mkondo unaongezeka 50%. Lipite kidogo.

4. Shuka polepole mpaka sifuri. Kazi yote iko hapa: kila mzunguko wa wimbi unakuwa mdogo kuliko uliotangulia, na sumaku inapungua nao. Ukizima swichi ukiwa juu, unaweza kuiacha palepale. Mimi hutumia dakika nzima.

5. Rudisha nyaya, kaza, hakikisha sekondari imefungwa. Kipimo cha ukinzani kisirudiwe baada ya hapo.

Maswali

Shikamoo mwalimu. Mzigo wa kawaida hauwezi kuiondoa wenyewe? (Muheza)
Marahaba. Hauwezi. Mkondo wa kazi hukisukuma kiini kidogo mno, sumaku inaweza kukaa miaka.

CT za mita nazo? (Pangani)
Nazo pia, dada. Uwiano na pembe huhama, hasa mzigo ukiwa mdogo, na bili inaweza kukosea.

Variaki yangu inaishia volti 260, goti silioni.
Basi hujalifikia, kaka. CT za ulinzi, hasa zenye sekondari ya ampea 1, goti lake linaweza kuwa juu sana. Tafuta kifaa maalumu cha kupimia CT, usiandike kwenye ripoti kwamba umemaliza.

Zipo zisizoshika sumaku?
Soma kibao. Daraja la PR huwa na sumaku ya kubaki isiyozidi 10% ya kiwango cha kushiba.