Jinsi ya kuitazama Women's Table pale Yale bila haraka

Kama uko New Haven, Connecticut, Marekani, kilipo Chuo Kikuu cha Yale, au una ndugu anasoma huko na unaenda kumtembelea, usiondoke bila kupita mbele ya maktaba ya Sterling ukae kidogo na Women's Table (Meza ya Wanawake), hii meza ya mawe inayotiririsha maji, kazi ya sanaa inayowakumbuka wanawake wa chuo hicho. Wengi wanapiga selfi dakika moja wanasepa, afu wanasema ni jiwe tu. Haitazamwi hivyo jamani.

Kwanza nenda msimu wa joto, maana kwenye baridi kali maji yanafungwa na bila maji umeona nusu tu. Pia wahi asubuhi kabla ya vipindi, wanafunzi wakishajaa utulivu hupati.

Ukifika, simu iache mfukoni. Tafuta lile tundu maji yanapotokea, haliko katikati kabisa, limesogea upande mmoja, hapo ndo mwanzo. Juu ya meza ni graniti ya kijani, imekatwa umbo la yai, na kuna namba zimechongwa zinazunguka kama gamba la konokono kutoka kwenye tundu kwenda nje. Weka kidole kwenye namba ya kwanza, maji yanapita juu yake membamba sana, afu fuata mstari polepole. Utagusa sifuri, sifuri, sifuri, sifuri tena, na hapa ndo watu wanaruka, tafadhali usiruke, kwa sababu kila namba ni idadi ya wanawake waliokuwa wanasoma Yale kwa mwaka, na chuo kimeanzishwa 1701, yani hizo sifuri ni vizazi na vizazi vya mabinti waliofungiwa mlango. Mi naona uzito wote wa kazi hii uko hapo. Kuja kustuka kidole kimegota kwenye 13, mwaka 1873, hao walikuwa shule ya sanaa. Kuingia Yale College, kitengo cha shahada ya kwanza, wanawake walisubiri mpaka 1969!

Namba zinaishia 1993, mwaka ilipozinduliwa. Aliyeibuni ni Maya Lin, amesoma hapohapo, na alichagua mzunguko huo sababu una mwanzo ila hauna mwisho.

Picha piga mwishoni, tena kutokea juu, ukipiga kwa pembeni namba hazionekani. Na kama umeenda na binti yako usimweleze kitu kabla, mwache azisome mwenyewe afu umuulize ameona nini.