Rubani, kabla hujaingia simuleta

Kupata leseni ya kurusha ndege za abiria si mwisho wa mitihani. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka rubani apimwe mara 2 kila mwaka, na vipimo viwili vya aina moja vikifanyika ndani ya miezi 4 mfululizo havitoshi kutimiza sharti hilo. Kwa hiyo kila baada ya miezi 6 hivi rubani huingia simuleta, mashine inayoiga chumba cha marubani na mwendo wa ndege. Haya ni kwa rubani msaidizi ambaye zamu yake ya kwanza inakaribia.

Anza na karatasi, maana ndizo nyepesi na ndizo zinazoaibisha. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kwa kawaida hudumu miezi 12, na kwa waliofikisha miaka 60 ni miezi 6. Hesabu pia safari zako: unatakiwa uwe umepaa na kutua angalau mara 3 katika siku 90 zilizopita. Kama umetoka likizo ndefu, wape taarifa mapema watu wa ratiba.

Kisha kuna zile hatua chache za dharura ambazo hakuna muda wa kufungua kitabu: moshi, hewa kupungua ghafla, ndege kuanza kuzama kwa sababu mabawa hayaibebi tena. Zikariri neno kwa neno, kama zilivyoandikwa na kampuni yako. Usijifunzie kwenye karatasi ya rafiki anayerusha ndege nyingine.

Zoezi ambalo karibu hukosi kulikuta ni injini kufa kwenye V1, kasi ambayo ukishaivuka hughairi tena kupaa. Pua inavutwa kuelekea upande wa injini iliyokufa. Mguu wa upande wa pili unakanyaga pedeli mpaka ndege inyooke. Ndege ikishapanda kweli, magurudumu yanakunjwa. Baada ya hapo tulia. Vijana wengi hupotea hapa, si kwa uzembe bali kwa haraka ya mikono.

Tarehe 4 Februari 2015, ATR 72, ndege ya injini mbili ya shirika la TransAsia la Taiwan, ilipaa Taipei ikiwa na watu 58. Mfumo wa injini ya kulia ulileta hitilafu, lakini kapteni akaizima ya kushoto, iliyokuwa nzima. Watu 43 walifariki. Uchunguzi ulionyesha kuwa ugumu wake katika taratibu za injini moja ulikuwa umeshaonekana kwenye mafunzo. Kwa hiyo jizoeze nyumbani, ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki ikibidi: gusa wenzo wa injini wa kufikirika, taja ni ya upande gani, subiri mwenzako athibitishe, ndipo uvute. Muombe mtu mnayefanya naye kazi awe huyo mwenzako. Peke yako utajijibu haraka mno.

Kuthibitisha hakuishii kwenye injini. Mei 2007, Boeing 737 ya Kenya Airways ilianguka muda mfupi baada ya kupaa Douala, Kameruni, usiku, watu wote 114 wakafa. Kapteni alikuwa ametamka kwamba otopailoti, mfumo unaoiongoza ndege wenyewe, ishike. Haikushika, na ndani ya chumba cha marubani hakuna aliyeligundua hilo kwa wakati ndege ikilalia ubavu taratibu gizani. Mtahini wa leo anakutazama sana hapo: unasoma taa na maandishi ya kwenye skrini, au unaamini tu kilichosemwa? Na ukiona kapteni anakosea, unamwambia? Heshima kwa mkubwa ni jambo jema, ila "Kapteni, tunalalia kulia" haivunji heshima ya mtu. Uzoee kuitamka kwa sauti inayosikika.

Suala la usingizi halina mjadala. Simuleta ni ghali, hivyo hufanya kazi karibu saa zote, na unaweza kupangiwa saa 8 usiku. Badilisha saa zako za kulala siku mbili tatu kabla, badala ya kukesha ukisoma.

Mwisho wa zoezi kuna kikao cha tathmini. Nenda na daftari, na usianze kujitetea. Ukishindwa sehemu fulani utafundishwa tena na kupimwa upya, na hutapangiwa safari ya abiria mpaka ufaulu.