Nguo za kabla ya mimba zifungie sandukuni

Mama uliyejifungua juzi, usijipime kwa suruali ya mwaka jana. Mfuko wa uzazi peke yake huchukua wiki 6 hivi kurudi ukubwa wake. Misuli ya tumbo na ngozi huchukua miezi. Vaa dera lako, ule ushibe, maana unanyonyesha. Akija mgeni na “mbona tumbo bado?”, mpe mtoto ambebe, wewe ukaoge. (Hao huwa hawakosekani.)

Machozi ya siku za mwanzo huwapata wengi, na kwa kawaida hupoa ndani ya wiki 2. Yakizidi hapo, au ukijichukia kila upitapo kioo, usingoje kliniki ya siku 42: mwambie nesi hata siku ya chanjo. Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda hospitali siku hiyohiyo, na mtu akusindikize.