Bili ya umeme na gesi Uingereza: piga picha mita kabla hujafungua mabegi

Mwaka wangu wa kwanza hapa nililipa bili miezi 5 mfululizo bila kujua kwamba hakuna mtu aliyewahi kuisoma mita yangu. Kampuni ilikuwa inakadiria tu kwa kufuata matumizi ya mpangaji aliyenitangulia, ambaye kwa dalili zote alikuwa mtu wa kuoga maji moto mara tatu kwa siku. Pembeni ya kila namba kwenye bili palikuwa na herufi E, yaani makadirio. Mimi niliiona kila mwezi na sikuuliza. Nilipotuma usomaji halisi, nilirudishiwa hela. Tangu siku hiyo, mtu akinipigia kuniambia amepata nyumba, namuuliza kwanza kama amepiga picha mita.

Basi anza hapo. Siku unapopewa funguo, piga picha mita ya umeme na ya gesi, namba zisomeke vizuri. Kisha mwulize mwenye nyumba au wakala ni kampuni gani inayouza umeme na gesi kwenye nyumba hiyo. Barua zinazokuja bila jina, zikiwa zimeandikwa "The Occupier", usizitupe. Zinakuhusu wewe, maana kuanzia siku ya kwanza ya upangaji unahesabiwa kuwa mteja wa kampuni hiyo hata kama hujasaini kitu. Wapigie, wape jina lako, tarehe ya kuingia na namba za mita. Ukikuta mita ya kulipia kabla, ile ya mtindo wa LUKU au Yaka, usianze kununua kwa kadi au ufunguo wa mpangaji wa zamani. Deni lake linaweza kuwa bado limo kwenye mita, nawe utalilipa kidogokidogo kila unapoongeza salio. Omba kadi yako mwenyewe kwanza.

Bei kikomo inazuia nini

Uingereza ina mdhibiti wa nishati anayeitwa Ofgem, kama EWURA ya Tanzania au EPRA ya Kenya. Tangu Januari 2019 anatangaza bei kikomo ya umeme na gesi ya majumbani, na siku hizi anaibadilisha kila miezi 3: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Inahusu England, Scotland na Wales. Ireland Kaskazini wana mdhibiti wao.

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Taarifa ya habari inasema bei kikomo ni pauni kadhaa kwa mwaka, mtu anadhani akishafikisha kiasi hicho hatadaiwa tena. La hasha. Kinachowekewa kikomo ni bei ya yuniti moja (kilowati-saa) na tozo ya siku, ile unayolipa hata usipowasha taa. Kiasi cha mwaka kinachotangazwa ni mfano wa nyumba yenye matumizi ya wastani. Ukitumia zaidi, utalipa zaidi. Tena bei kikomo haihusu mikataba ya bei isiyobadilika ya mwaka mmoja au miwili, na haihusu majengo ambayo joto la vyumba vyote linatoka kwenye mtambo mmoja wa jengo zima. Ghorofa nyingi mpya za mijini ziko hivyo, kwa hiyo uliza kabla ya kusaini.

Tozo ya siku inatuumiza kwa namna yetu. Unaenda nyumbani Desemba, wiki 6, umezima kila kitu. Ukirudi unaweka pauni 20 kwenye mita ya gesi na nusu yake inayeyuka hapohapo, kwa sababu tozo ilikuwa ikijilimbikiza ulipokuwa kwenye harusi ya binamu. Acha salio la kutosha kabla ya kusafiri, na usizime mfumo wa joto kabisa wakati wa baridi. Uweke chini tu, mabomba yasigande. Fundi wa bomba lililopasuka hapa ni nauli ya ndege.

Zamani mita ya kulipia kabla ilikuwa na bei ya juu kuliko ya wanaokatwa benki kila mwezi. Tofauti hiyo iliondolewa Julai 2023, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba mita hiyo ni adhabu. Tena kampuni haiwezi kukubandikia mita hiyo kwa nguvu ikiwa nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka 2, au mzee wa miaka 75 au zaidi asiye na msaidizi.

Nyumba ya watu wengi, akaunti ya mtu mmoja

Tunaishi wanne, watano, na akaunti ina jina la yule aliyetangulia kufika. Ni ukarimu, lakini una gharama zake. Mwenye jina ndiye anayedaiwa peke yake ikiwa wengine wakihama kimyakimya, na ndiye peke yake anayeonekana kwenye mfumo wa misaada. Andikeni majina zaidi ya moja kwenye akaunti, au angalau mwe na kikundi cha WhatsApp ambamo usomaji wa mita unawekwa kila mwezi, kila mtu aone.

Kama mwenye nyumba ndiye anayelipa kampuni kisha anawatoza ninyi, haruhusiwi kuwatoza kwa yuniti zaidi ya bei aliyonunulia yeye. Hilo ni sharti la Ofgem. Una haki ya kumwomba akuonyeshe hesabu, iwe ni mzungu au ni mjomba wa kijiji kimoja nawe. Kama unalipa kampuni moja kwa moja, una haki ya kuhamia kampuni nyingine na kuomba mita janja (smart meter), inayotuma usomaji yenyewe na hufungwa bure. Tazama tu mkataba wako kwanza. Na katika England na Wales, nyumba ya kupangisha ambayo cheti chake cha nishati kiko chini ya daraja E kwa kawaida hairuhusiwi kupangishwa, isipokuwa imesajiliwa msamaha. Cheti hicho kinapatikana mtandaoni bure kwa kuweka anwani. Kitazame kabla hujalipa amana, kwani daraja la chini lina maana kwamba pesa yako itatokea dirishani.

Visa yako na misaada

Wapo wanaoogopa hata kupiga simu kwa kampuni ya umeme, eti visa yao imeandikwa hawaruhusiwi kutumia fedha za umma. Bei kikomo haiulizi visa. Haki ya kulalamika haiulizi visa. Vivyo hivyo kanuni ya miezi 12: ikiwa kampuni kwa kosa lake haikukutumia bili sahihi, haiwezi kukudai umeme uliotumia zaidi ya mwaka mmoja uliopita.

Ipo pia orodha ya wateja wanaohitaji uangalizi, Priority Services Register, ambayo ni bure. Wajawazito wanaingia, wenye watoto wadogo wanaingia, wagonjwa, wazee, na hata asiyejua Kiingereza vizuri. Mama yako akija kukaa nawe miezi 6, mwandikishe. Mtapewa taarifa mapema umeme ukipangwa kukatwa, na mnaweza kupata msaada wa kusoma mita.

Warm Home Discount ni jambo jingine. Ni punguzo la pauni 150 kwenye bili ya umeme, na tangu majira ya baridi ya 2025 limepanuliwa kwa walipa bili wote wanaopokea misaada ya kipato cha chini ya serikali, kama Universal Credit. Misaada hiyo ndiyo inayofungwa na sharti la visa. Mwenye visa yenye sharti hilo asiombe Universal Credit ili apate pauni 150. Aongee kwanza na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Lakini mwenye ukaazi wa kudumu au uraia asiache pesa hizo mezani. Jina lake, au la mwenzi wake, liwe kwenye bili.

Kwa nini umeme ni ghali wakati upepo ni wa bure

Swali hili huulizwa kwenye kila kikao chetu, na ni halali. Nchi hii imefunga kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Mitambo ya upepo imejaa baharini. Mbona bili haishuki?

Jibu la kwanza ni namna soko linavyopanga bei. Kila nusu saa, mtambo ghali zaidi unaohitajika kukidhi mahitaji ndio unaoweka bei ya wote, na mara nyingi mtambo huo ni wa gesi. Ndiyo maana Urusi ilipovamia Ukraine 2022 na gesi ikapanda, umeme nao ulipanda, hadi serikali ikampa kila mwenye bili pauni 400 majira yale ya baridi. Mikataba mipya ya upepo na jua inajaribu kuvunja mnyororo huo: mzalishaji anahakikishiwa bei maalumu, na soko likipanda juu ya hapo anarudisha ziada.

Jibu la pili ni kwamba ruzuku za zamani za nishati jadidifu ziliwekwa kwenye bili za watu, na zaidi upande wa umeme kuliko gesi. Hiyo ni sababu mojawapo ya yuniti ya umeme kuwa karibu mara 4 ya yuniti ya gesi. Katika bajeti ya Novemba 2025, serikali ilitangaza kuhamishia asilimia 75 ya gharama ya mpango mmoja mkubwa wa aina hiyo kwenye kodi kwa miaka 3, kuanzia Aprili 2026. Kwa maoni yangu lilichelewa. Mama anayepika kwa umeme kwenye chumba kimoja hakupaswa kubeba mzigo sawa na mwenye jumba.

Kwako wewe hesabu inatoka hivi. Pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, hutoa takriban yuniti 3 za joto kwa kila yuniti ya umeme. England na Wales serikali inatoa pauni 7,500 kwa mwenye nyumba anayeachana na boila ya gesi. Ni msaada mzuri, lakini umeme ukiwa mara 4 ya gesi, bili inaweza isishuke kabisa. Mwenye hita za umeme ndiye anayefaidika waziwazi.

Sola ni rahisi zaidi kuitetea. Ufungaji hautozwi kodi ya ongezeko la thamani hadi 31 Machi 2027, na tangu Januari 2020 kampuni kubwa zinalazimika kununua umeme unaouzidisha. Bei zao zinatofautiana sana, na huna lazima ya kuwauzia wale wanaokuuzia. Fundi awe na cheti cha MCS, mpango wa kuthibitisha mafundi wa nishati jadidifu, vinginevyo utapata shida kuuza. Ukipigiwa simu na mtu anayesema "serikali imekuchagua upate sola bure", kata.

Ukigombana na kampuni

Lalamika kwa maandishi na uandike tarehe. Zikipita wiki 8 bila suluhu, au wakikuandikia kwamba wamefika mwisho, peleka shauri kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa migogoro ya nishati. Hulipi kitu, na uamuzi wake ukiukubali kampuni inalazimika kuufuata. Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, watakusaidia kuandika barua.

Siku ya kuhama, piga tena picha mita zote mbili, waambie tarehe ya kutoka na uwape anwani mpya. Kama umekuwa ukikatwa benki, huenda akaunti ina salio lako, hasa ukihama mwishoni mwa kiangazi. Omba lirudishwe. Na kama unarudi nyumbani moja kwa moja, usifunge akaunti ya benki hadi liwe limeingia.