Somo: Kutia Shoka Mpini Mpya, Kuanzia Kuchagua Mti Hadi Kugonga Kabari

Katika maboma mengi ya huku Magharibi mwa Kenya, kuanzia Vihiga hadi Bungoma, shoka hutiwa mpini kwa haraka: kijiti cha mkaratusi kilichokatwa asubuhi huchongwa kwa panga, kikalazimishwa ndani ya tundu, na nafasi iliyobaki ikajazwa misumari na vipande vya tyubu. Shoka la namna hiyo hufanya kazi kwa muda, kisha huanza kuchezacheza, na siku linapochomoka hewani halichagui pa kuangukia. Somo hili linaeleza njia ya kuepuka hatari hiyo, na msingi wake ni mmoja: kinacholishika shoka ni jinsi mti ulivyokaa ndani ya chuma, ubavu kwa ubavu. Kabari huja kukaza kile ambacho tayari kimekaa, wala haiwezi kuokoa mpini uliochongwa ovyo.

Hatua ya kwanza: mti

Mpini hauumizwi sana na uzito wa shoka bali na mshtuko unaorudi mkononi kila pigo linapotua, kwa hiyo mti unaofaa ni ule unaopinda kidogo na kurudi bila kuvunjika. Katika miti iliyo karibu nasi, mimi hutanguliza mpera, kwa kuwa ni mgumu na nyuzi zake zimebanana, ingawa kupata kipande chake kilichonyooka huhitaji subira. Siala, ambao Waluhya huuita lusiola, hunyooka vizuri na huchongeka kwa urahisi, nao unatosha kwa jembe na kwa shoka jepesi. Mkaratusi uliokomaa una nguvu, lakini ule mchanga uliokua kwa pupa hupasuka na kujipinda unapokauka. Mgrevilea uachieni mbao na kuni.

Usitumie kijiti cha mviringo chenye kiini katikati. Mti unapokauka hunywea kwa kuzunguka pete zake takriban mara mbili ya unavyonywea kuelekea kiini, na tofauti hiyo ndiyo inayoleta ule ufa mrefu tunaouona kwenye mipini ya sokoni. Chukua gogo nene kidogo, ulipasue kwa kabari katika robo nne, na uchonge mpini kutoka robo moja bila kukigusa kiini. Kupasua ni bora kuliko kukata kwa msumeno, kwa sababu ufa hufuata nyuzi ilhali msumeno huzikata, na mpini ambao nyuzi zake zimekatwa mshazari utavunjika hapo hapo. Gogo likipasuka kwa kuzunguka kama kamba iliyosokotwa, litafaa jikoni tu.

Kata kipande chenye urefu wa sentimita 10 hadi 15 zaidi ya unaohitajika, kisha upake ncha zake nta au rangi iliyobaki ili maji yasitoke upesi upande huo na kuzipasua. Kihifadhi kivulini penye hewa, au darini mbali na moto wa moja kwa moja. Ukitaka kujua kama kimekauka, kipime kwenye mizani ya duka kila wiki. Uzito utakapoacha kushuka, kiko tayari. Hili lina maana zaidi huku kwetu, kwani mvua ya Kakamega haitulii muda mrefu, na mpini uliotiwa shokani ungali na unyevu utanywea ndani ya tundu hata kama siku ya kwanza ulikuwa umebana kabisa.

Hatua ya pili: kuutoa mpini wa zamani

Kata mpini kwa msumeno chini kidogo ya chuma, toboa mti uliobaki ndani ya tundu kwa keekee ili upunguze kubana, kisha uusukume kwa kipande cha chuma kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa sehemu ya juu ndiyo iliyotanuliwa na kabari ya awali. Tafadhali usilitupe shoka motoni ili mti uungue. Ugumu wa makali ulipatikana kwa moto uliodhibitiwa; chuma kikipata joto la nyuzijoto 300 za Selsiasi na zaidi, makali hulainika, na hakuna kunoa kutakakoyarudishia ugumu huo.

Hatua ya tatu: kuchonga

Shoka la kuangushia miti huhitaji mpini wa sentimita 80 hadi 90, na la kupasulia kuni hutosheka na 70 hivi. Chonga kwa panga au tezo, lainisha kwa tupa, na umalizie kwa kukwangua kwa kipande cha kioo. Umbo la mpini liwe la yai wala si la duara, ili kiganja kijue makali yameelekea wapi bila macho kutazama. Mwisho wa chini uache mnene kidogo ili mkono usiteleze.

Hatua ya nne: kuoanisha mti na chuma

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapokosa subira. Washa koroboi na upitishe tundu la shoka juu ya moshi wake kwa muda mfupi tu, hadi kuta za ndani zishike masizi. Ingiza kichwa cha mpini, ugonge kidogo, kisha ulitoe shoka. Utaona madoa meusi mahali ambapo mti uligusa chuma, na mahali peupe ambapo haukugusa. Ondoa kwa tupa yale madoa meusi peke yake, bila kugusa peupe, kisha rudia.

Mara ya kwanza madoa yatakuwa mawili au matatu, yaliyokolea, na mara nyingi yatakuwa upande wa kisogo, yaani mgongo wa shoka, na kwenye pembe. Kila unapoyaondoa shoka hushuka kidogo zaidi, na madoa mapya hujitokeza, mapana na hafifu kuliko ya kwanza. Endelea hivyo hadi weusi uenee pande zote kwa usawa na chuma kikalie mabega ya mpini, yaani pale mpini unapoanza kunenepa chini ya sehemu inayoingia tunduni, huku milimita tano hivi za mti zikichungulia upande wa juu. Mtu anayekwangua pote kwa pamoja ili amalize upesi huondoa pia mti uliokuwa umekaa sawa, na nafasi hiyo haijazwi tena na kitu chochote cha kutumainiwa.

Ili kulipandisha shoka kwenye mpini, usilipige chuma. Ushike mpini wima hewani, shoka likining'inia chini, halafu ugonge mwisho wa mpini kwa nyundo ya mti. Uzito wa shoka hulifanya libaki nyuma wakati mpini unaposukumwa, nalo hupanda kidogo kwa kila pigo. Kabla hujaendelea, angalia kwa jicho moja kutoka mwisho wa mpini: makali yanapaswa kulala juu ya mstari wa katikati ya mpini, na yakienda pembeni, rudi kwenye masizi.

Hatua ya tano: kabari na mafuta

Kata mfuo kwenye kichwa cha mpini kwa msumeno, ukifuata urefu wa tundu kutoka upande wa makali hadi kisogo, na kina chake kiwe theluthi mbili ya kina cha tundu. Fanya hivyo kabla ya kulipandisha shoka kwa mara ya mwisho. Kabari iwe ya mti mgumu uliokauka kabisa, pana kiasi cha kujaza mfuo wote. Igonge taratibu na usikilize: sauti itabadilika kutoka nzito hadi kali, na hapo ndipo pa kukomea. Kata kinachozidi, lakini uache milimita chache za mti juu ya chuma.

Paka mafuta ya kitani, acha yanywewe, na urudie. Vanishi siipendekezi, kwa maana huchubua viganja. Vitambaa vyenye mafuta hayo vitandazwe nje vikauke, kwa kuwa vikikunjwa na kurundikwa huweza kujipasha joto hadi kuwaka vyenyewe.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kisumu: Fundi, shoka letu hulegea kila kiangazi, na baba huliloweka ndani ya ndoo usiku kucha, asubuhi likawa limekaza. Je, kuna ubaya?

Jibu: Mwambie mzee kwa heshima kwamba maji yanamkopesha leo ili yamdai kesho. Mti huvimba, lakini chuma hakiuruhusu kutanuka, kwa hiyo nyuzi hujiponda zenyewe ndani ya tundu. Ukikauka tena, hunywea na kuwa mdogo kuliko ulivyokuwa kabla ya kulowekwa. Dawa ni kugonga kabari zaidi ikiwa kuna nafasi, au kuoanisha mpini mwingine uliokauka ipasavyo.

Mwanachama wa Molo: Je, nikinunua mpini uliochongwa tayari, bado nahitaji masizi?

Jibu: Ndiyo, ndugu yangu, kwa kuwa aliyeuchonga hakuliona tundu la shoka lako. Dukani, fuata nyuzi kwa kidole kutoka juu hadi chini. Zikitokea ubavuni kabla ya kufika mwisho, urudishe mpini huo na uchague mwingine, hata kama umepakwa rangi ya kupendeza.

Mwanachama wa Busia: Na sururu hutiwa kabari vilevile?

Jibu: Hapana. Tundu la sururu limepanuka upande wa juu, na mpini huingizwa kwa kuanzia ncha nyembamba, ukateremka hadi kichwa chake kinene kibane. Kila unapolizungusha sururu, chuma huvutwa kuelekea kichwa hicho na kujikaza. Masizi hata hivyo yatakusaidia kuhakikisha kwamba kichwa kimegusa pande zote.

Mwanachama wa Kakamega: Mwalimu, mpini wangu una ufa mdogo karibu na chuma. Naweza kuutia gundi na kuufunga kwa waya?

Jibu: Dada, ufa ungekuwa chini, karibu na unaposhika, gundi ingetosha. Karibu na chuma ndipo mshtuko wote unapopita, na waya huuficha ufa tu usiuone unavyoongezeka. Liweke shoka kando kuanzia leo, uukate mpini huo, na ukianza kuchonga mwingine uache unene zaidi mahali hapo chini ya mabega.