Kukagua hoteli au mkahawa wa Nairobi kabla ya kwenda na kiti cha magurudumu

Ukipiga simu kuuliza kama kiti cha magurudumu kitaingia, jibu utakalopewa mara nyingi ni hili: "Karibuni, hakuna shida, vijana watambeba." Maana yake kuna ngazi. Acha maswali ya ndiyo au la, uliza namba.

1. Kipime kiti
Pima upana kutoka pete ya kusukumia ya upande mmoja hadi ya upande wa pili, kwa nje. Viti vingi vya watu wazima huwa kati ya sm 60 na 70. Ongeza sm 10 za vidole. Cha betri ulizia uzito pia: kuna vinavyozidi kilo 100 kabla hata mtu hajakaa, kwa hiyo habari ya vijana iishie hapo.

2. Omba video
Picha hazifai kitu. Mpiga picha huchagua mlango mzuri. Mwambie mhudumu arekodi kwenye WhatsApp akitembea bila kukata, kutoka maegesho hadi mezani, kisha kutoka mezani hadi chooni. Hapo ndipo utaona kokoto za maegesho, au fremu nyembamba ya ukaguzi pale mlangoni. Kiti kisipopita kwenye fremu hiyo, askari atumie kifaa cha mkononi na afungue lango la pembeni. Mpange mapema, usimkute zamu imebadilika.

3. Rampu
Kila sm 1 ya kimo inataka sm 12 za urefu. Ngazi moja ya sm 15 ni rampu ya sm 180. Ngazi tatu kama hiyo ni mita 5.4. Ukionyeshwa ubao wa mita moja umeegemezwa kwenye ngazi ya sm 15, kataa: mtu hawezi kujisukuma, na kiti kinaweza kupinduka kwenda nyuma. Pakiwa pakali na hakuna njia nyingine, mtu ashushwe kinyumenyume, msaidizi akiwa upande wa chini.

4. Choo
Safari nyingi huharibikia hapa, basi usiwe na haraka.

Anza na mlango. Ufunguliwe nyuzi 90, kisha upimwe kutoka uso wa mlango wenyewe hadi fremu ya upande wa kitasa. Mlango unaoitwa wa sm 80 huacha sm 75 hivi, kwa sababu unene wake na bawaba hula nafasi. Tafuta sm 80 zilizo wazi kabisa. Kisha angalia unafungukia wapi. Ukifungukia ndani, kiti kinaweza kuingia halafu mlango usifungike. Na mtu akianguka nyuma yake, hamtaweza kuusukuma.

Ndani pawe na duara la sm 150 la kugeukia. Pembeni mwa choo pabaki angalau sm 80 za kuegesha kiti, na uulize ni upande gani, kulia au kushoto: mwenye nguvu mkono mmoja tu atauhitaji upande wake. Kikalio kiwe sm 45 hadi 48 kutoka sakafuni. Vyuma vya kushikilia vivutwe kwa uzito wote wa mwili. Vilivyofungwa kwenye jipsamu kwa skrubu fupi hung'oka. Choo cha kuchuchumaa hakihesabiki, hata kiwe kipana namna gani.

Mwisho, nani ana ufunguo? Vyoo vyenye alama ya kiti mlangoni hugeuzwa stoo ya mopu na ndoo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo, na bado hoteli huweka sabuni humo. Mwombe meneja kitolewe vitu kabla hamjafika.

5. Lifti
Uliza swali moja tu: stima ikipotea, jenereta inaibeba lifti au taa peke yake? Isipoibeba, kaeni ghorofa ya chini.

6. Meza
Chini yake pawe na sm 70 za magoti. Meza za baa ndefu hazifai.

7. Chumba cha kulala
Mlango wa bafu ndio huwa mwembamba kuliko yote, kwa hiyo upime huo kwanza. Kitanda kiwe karibu na kimo cha kiti, sm 45 hadi 50; magodoro mawili juu kwa juu hufanya kiwe mlima. Bafu la kuogea lisiwe na ukingo sakafuni.

8. Tamasha za uwanjani
Udongo mweusi wa Lang'ata ukilowa, magurudumu madogo ya mbele huzama. Mvute mtu kinyumenyume, yale makubwa yatangulie. Vyoo vya kukodi huwa vimeinuliwa na milango yake ni myembamba. Mwulize mwandaaji kama ameagiza kilichokaa chini, na kimewekwa umbali gani kutoka jukwaani.